Kitabu cha nyama kwa batoto waliotoka Zambia

(Maneno tuliyosema mu mukutano wa bamemba, Ruashi)



Tuseme leo juu ya batoto waliorudi na Kiingereza na Kibemba, lakini Kifaransa hakuna. Munabajua, ni benu. Mutoto alifika mwaka wa tano kule Mantapala. Hapa wanamurudisha mwaka wa pili, magoti inagonga chini ya meza. Miezi kidogo, anaacha masomo. Wengine kati yenu mulipita njia ile ile wakati kambi za Kala na Mwange zilifungwa, mu 2010.

Wazazi wengi wanatuambia: asahau Kiingereza, ashike Kifaransa mbio. Sisi tunakatala. Mutoto huyu alijifunza kusoma kwa Kiingereza. Ukimunyanganya, anaanza tena kama mutu asiyeshika kitabu hata siku moja.

Njo maana kila siku ya posho tunafungua kitabu cha picha za nyama, jina la Kiingereza chini ya kila picha. Simba: mutoto anasoma “lion”. Tunamuambia, Kifaransa kinaandika vilevile, herufi ine zile zile, kinywa tu njo kinabadilika. “Crocodile”, vilevile. “Elephant” inapata alama mbili juu: “éléphant”. “Giraffe” inapoteza f moja. “Zebra” inakuwa “zèbre”. Hapo mutoto anainua kichwa: kumbe Kifaransa nakijua kidogo!

Kitabu chenyewe kinaanza na imbwa, ngombe na mbuzi. Sisi tunabiruka kwanza, hata kama mbuzi njo anapita hapa mulangoni kila siku na tembo hakuna aliyemuona. “Goat” na “chèvre” hazifanane hata kidogo. Pusi naye ana mutego: Kifaransa kinaandika “chat”, na kwa Kiingereza “chat” ni kuzungumuza. Siku ile batoto walicheka sana, pusi anayezungumuza.

Lakini majina peke yake ni kazi ya kasuku. Uliza: anakula nini? Analala wapi? Ana pembe? Mukubwa ajibu kwa Kiingereza, mudogo wake aliyeanza masomo hapa ajibu kwa Kifaransa. Mama asiyejua luga hizo mbili ashike kitabu na aulize kwa Kiswahili. Inatosha kabisa. Tuliwaambia punda milia bado wako mu parke ya Upemba, hapa hapa Katanga. Walibishana mupaka saa ya kwenda. Okapi, nyama wetu wa Kongo, hakuwa mu kitabu. Batoto walimuchora wenyewe, na jina lake ni moja kwa luga zote mbili.

Hauna kitabu? Chora ku karatasi ya mufuko wa simenti. Andika jina mara mbili: kwanza herufi za kitabu, chini yake maandiko ya kushikana kama ya tablo. Kule Zambia mutoto alizoea herufi zenye kuachana. Hapa anaangalia tablo ya mwalimu, anaona kamba tu, na watu wanasema hajui kusoma.

Kitabu hakitamupandisha mwaka. Kwa ile, tunahitaji buletini zake za Zambia, hata zenye kupasuka. Siku ya posho munaokuja muzilete, tuzitafsiri kwa Kifaransa, kisha tuende pamoja na muzazi kuona mukubwa wa masomo.