Baada ya Siku ya Kupanda: Ua, Miti na Bustani ya Matunda

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Wakristo na wageni wa Dayosisi katika juma la Jubilei ya Miaka Mia ya Usharika)



Kamati ya Jubilei imenitaka niseme machache juu ya ndugu wanaojitolea kutunza ua, miti na bustani ya matunda katika eneo ambalo usharika huu, pamoja na wanakijiji, umeliweka kando liwe hifadhi. Mimi ni mtu wa Nyakunguru, wilayani Tarime, mkoani Mara, na hapa Kilimanjaro ni mgeni. Kumfundisha Mchagga habari za mgomba kungekuwa utovu wa adabu, nami sikuja kufanya hivyo. Nilikubali mwaliko kwa sababu moja tu: sisi wafugaji tunalijua jambo la ua. Kwetu ng'ombe akipita penye pengo usiku, habari hiyo haiishii kwa mwenye boma.

Nianze basi na ua wa kwetu. Maboma mengi ya Tarime yamezungushiwa minyaa, na mashamba mengine yamepakana kwa mkonge. Mnyaa ni mti wa kumpendeza mvivu. Unakata kijiti, unakiacha kidonda kikauke kidogo, unakichomeka ardhini mvua zikikaribia, nacho kinashika. Mbuzi hawali, mchwa hausumbui sana, na kiangazi haukiogopi. Kwa hiyo watu hudhani kwamba ua ukishachomekwa, kazi imekwisha. Mnyaa usiopogolewa kwa miaka mitatu au minne hukimbilia juu, huacha matawi ya chini yafe, na mwisho unabaki na safu ya miti mirefu inayopendeza ukiitazama kutoka barabarani, huku mbuzi wakipita chini yake kama watu wapitao mlangoni. Ua mzuri ni ule uliokatwa kichwa ungali mdogo, ukakatwa tena, ukalazimishwa kutoa matawi chini. Tena kazi hiyo si ya starehe. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni huunguza vibaya, hata kuweza kumpofusha mtu kwa muda. Anayepogoa hujifunika uso, na hajifuti jasho kwa kiganja mpaka anawe.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu ndilo neno langu lote. Kupanda kuna sherehe, kutunza hakuna. Siku ya kupanda huja viongozi, kwaya huimba, picha hupigwa. Siku ya kupogoa huja watu sita wenye mapanga, na wanne kati yao ni akina mama.

Taifa letu lina siku yake ya kupanda miti, tarehe 1 Aprili ya kila mwaka. Sisi wa Mara tunayo na siku nyingine, tarehe 15 Septemba, ambayo tangu mwaka 2012 tumekuwa tukiiadhimisha pamoja na ndugu zetu wa Kenya kwa ajili ya Mto Mara, unaoanzia misitu ya Mau, ukapita Maasai Mara na Serengeti, ukamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Vijito vya kwetu huteremkia mto huo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na ni jambo jema. Lakini mita 60 zisizo na mtu wa kuzitunza hugeuka malisho ya wote, na mche uliopandwa katika malisho ya wote hauoni mwaka wa pili. Sheria huweka mpaka. Haimwagilii.

Sasa niseme juu ya kwenu, kwa ruhusa yenu. Niliposhuka garini nilitazama masale yaliyozunguka vihamba, nikakumbuka niliyosimuliwa: kwamba isale si alama ya mpaka tu, bali mtu aliyemkosea jirani yake humpelekea jani la isale kuomba msamaha, na aliyepelekewa ni vigumu sana kukataa. Sijui kabila jingine ambalo mmea wa kutenganisha mashamba ndio huo huo unaopatanisha wenye mashamba. Wakristo tungeweza kulihubiri jambo hilo mwaka mzima. Mimi naona na upande wake wa kazi: masale hayo yasipoondolewa majani makavu, yasipojazwa mapengo, mpaka husogea, na kesi ya ardhi huanza. Anayetunza ua anatunza amani ya majirani wawili, ingawa hapewi cheti.

Nanyi mlikuwa na mfano mwingine, ambao nadhani ni bora kuliko mingi iliyoandikwa vitabuni, yaani mifongo. Wazee wenu walichimba mifereji ya kuleta maji ya mlimani vihambani, na mfereji ulikuwa na watu wake. Ukiitwa kwenda kuusafisha, ukakaa nyumbani, ulitozwa faini au ulinyimwa maji. Hapakuwa na mtu wa kujitolea kwa maana tunayoitumia leo, yaani mtu anayefanya kazi kwa wema wake halafu anaondoka mikono mitupu. Aliyefanya kazi alikuwa na haki yake katika maji. Kwa utaratibu huo mifereji mingi iliishi kuliko watu waliochimba.

Juu ya vihamba vyenu kuna ukanda unaouita Nusu Maili. Ulitengwa mwaka 1941 kati ya mashamba na msitu wa asili, ili wananchi wapate kuni, mbao na majani bila kuugusa msitu wa juu unaoshika maji. Kwa miaka kama 20 Baraza la Wachagga liliusimamia, likapanda miti, likawagawia watu mazao yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tawala za kijadi zilipoondolewa, usimamizi wa ukanda huo ulihama kutoka chombo hiki kwenda chombo kile, mara halmashauri, mara mkoa, mara serikali kuu. Kila ulipohama, mwananchi wa kawaida alijiona amesogezwa mbali zaidi na mti aliokuwa akiutunza. Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilipanuliwa ikaingiza na msitu. Simlaumu mtu, maana mlima huu ni wa dunia nzima, na barafu yake, ambayo kati ya mwaka 1912 na 2007 ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80, inatutia hofu sote. Nasema tu kwamba palipokuwa na haki ya kuvuna palikuwa na mtunzaji, na haki ilipofifia mtunzaji naye alififia.

Majirani zetu Wasukuma wameonja pande zote mbili za jambo hili. Tangu zamani walikuwa na ngitili, yaani sehemu ya malisho iliyofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti ipate kukua, ikafunguliwa kiangazi kikali mifugo ikiwa na njaa. Misitu ikafyekwa kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, kisha katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini wakaziacha ngitili zao nyuma. Shinyanga ikawa karibu jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta mia sita hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Wataalamu walileta miche, hilo ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa na mtu yeyote: ilichipua yenyewe kutoka katika visiki na mizizi, mara watu walipokubaliwa kwamba ngitili hii ni ya fulani, na ile ni ya kijiji kile, na nyasi, kuni, dawa na asali yake ni vyao. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ililiandika wazo hilo: kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi katika ardhi yake, kikausimamia na kupokea mapato yake.

Mtu anaweza kuniuliza, je, Mkristo afanye kazi kwa kutazamia faida? Naomba twende kwenye Maandiko. Katika Walawi sura ya 19 Waisraeli wanaagizwa kwamba wakiingia nchini na kupanda miti ya matunda, wasile matunda yake miaka mitatu. Ya mwaka wa nne yatakuwa matakatifu kwa Bwana. Ya mwaka wa tano watakula, ili mavuno yao yaongezeke. Tazameni hesabu hiyo. Miaka mitatu ya kutunza bila kula, mmoja wa sadaka, kisha aliyetunza anakula. Mungu hakuona haya kumpa mkulima tarehe. Na katika Luka 13, mwenye shamba alipotaka mtini ukatwe kwa kukosa matunda, aliyeuombea ni yule aliyekuwa akiutunza, tena hakuomba kwa maneno matupu: aliahidi kuuchimbia na kuutia samadi. Kuhusu ule msemo maarufu wa Martin Luther kwamba angepanda mtufaha hata kama dunia ingekwisha kesho, wanaochunguza mambo hayo hawajauona katika maandishi yake. Ulianza kuonekana Ujerumani mwaka 1944. Ni msemo mzuri hata hivyo. Kasoro yake ni kwamba nao unaishia siku ya kupanda.

Dayosisi hii ya Kaskazini ina sifa ya miti hata nje ya nchi. Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuwa Mkuu wa KKKT, aliitwa Askofu wa Miti kwa sababu ya kazi hiyo, na vijana wa Kipaimara wamekuwa wakitakiwa kupanda miti kabla ya kubarikiwa. Ningependa kuona hatua moja mbele: kijana asiulizwe amepanda mingapi, aulizwe mwaka uliofuata ni mingapi iliyo hai, naye atupeleke tukaione.

Nije kwenye bustani ya matunda, ambako ndiko kazi ya ndugu hawa ilipo nzito na haionekani. Mparachichi au mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Uliotokana na kokwa hukawia zaidi, na tunda lake haliwi lazima kama la mama yake. Hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni habari ya matunda yaliyoanguka. Mwaka 2003 aligunduliwa Afrika Mashariki nzi mgeni wa matunda aliyetoka Asia, nao umekuwa msiba mkubwa kwa maembe yetu. Jike hutaga mayai ndani ya tunda, funza hula nyama yake, tunda huanguka, funza hujichimbia udongoni, hugeuka nzi, hurudi mtini. Dawa hunyunyizwa, mitego huwekwa, lakini bila kuokota matunda yaliyoanguka na kuyafukia shimoni kwa kina cha nusu mita au zaidi, kila wiki, msimu mzima, hayo mengine ni kupoteza fedha. Na bustani moja ikiachwa chafu, jirani aliyeokota yake ameokota bure. Niliwakuta akina mama watatu wakiifanya kazi hiyo jana jioni, na wanakwaya walikuwa wakipita kwenda mazoezini. Sidhani kama wanakwaya walijua ni kazi gani.

Basi ninyi mmetangaza kwamba katika Jubilei hii mtapanda miti mia moja, mmoja kwa kila mwaka wa usharika. Ombi langu kwa Baraza la Wazee ni kwamba, kabla shimo la kwanza halijachimbwa, mkae na kikundi hiki cha kujitolea mwandike mambo matatu yakasomwe kanisani. Kuni na fito zitokanazo na kupogoa ua na miti ni za nani. Matunda ya mwaka wa tano yatagawanywaje kati ya watunzaji, Diakonia na mfuko wa usharika. Na nani ana mamlaka ya kukata mti wa eneo lile, maana mti mkubwa hauliwi na mchwa tu. Huliwa na kamati inayotafuta mbao za kuezekea.

Najua wapo watakaosema kwamba kuandika hivyo kunaondoa roho ya kujitolea. Mimi naona ni kinyume. Kikundi kile kilianza na watu wengi, na wote mnajua kimebaki na wangapi. Waliobaki hawatadai kitu, kwa sababu ni watu wa namna hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo watachoka kimya kimya, mmoja mmoja, na usharika utatambua ua utakapokuwa umepanda juu na mbuzi wanapita chini.

Miti mia ni mingi kwa watu sita. Kama hamtapata watunzaji wengine, pandeni thelathini.