Tuonyesheni Madaftari

Hesabu ya maabara mpya za shule mmeisikia wiki hii, na makofi yake mmeyasikia. Zimejengwa, zimepakwa rangi, utepe umekatwa. Redio hii haina ugomvi na rangi. Swali letu ni lile lile la siku zote, na hadi leo hatujapata wa kutujibu: ndani ya maabara hizo, watoto wanaandika nini? Tuonyesheni madaftari.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka 2014. Agizo la Rais Kikwete lilitaka kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na watendaji wa kata wakapita nyumba kwa nyumba kudai michango. Kuta zikahesabiwa. Mabati yakahesabiwa. Madaftari hayakuhesabiwa.

Ripoti ya jaribio kila mwanafunzi anadhani anaijua. Lengo, vifaa, utaratibu, matokeo, hitimisho: vichwa hivyo amevikariri kwa Kiingereza, na anaweza kuvitaja usingizini. Kinachokosekana ni cha kujaza chini yake, yaani kile alichokiona yeye, kwa macho yake, siku ile.

Chukueni jaribio la pendulamu. Unafunga kijiwe kwenye uzi, unapima urefu, unapima kwa saa muda wa mibembeo 20, unabadilisha urefu, unachora grafu, mwisho unapata ile g ya mvutano wa dunia. Sasa kusanya madaftari ya darasa zima. Wote wamepata 9.81! Uzi wenyewe wa kuazima, saa inasuasua, na jibu ni moja kwa wote, hadi desimali ya pili. Tena 9.81 ni ya London. Hapa kwetu, karibu na Ikweta, pwani g ni takriban 9.78. Watoto hawa hawakupima. Walianza na jibu la kitabuni, wakarudi nyuma kutafuta sekunde za kulifikia. Wenyewe wanaita kupika data, na wanatamka bila aibu.

Aliyepata 9.4, akaandika kwamba alichelewa kubonyeza saa na dirisha lilikuwa wazi upepo ukiingia, huyo anachorwa X nyekundu. Na kwenye kemia, yule anayeandika bureti imesoma 24, bila desimali wala kipimo, anapita. Hapo darasa zima limeshaelewa somo la siku.

Na tabia hii ya kutanguliza jibu kuliko kilichoonekana si ngeni nchini kwetu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, aliweka maziwa ya moto kwenye friza atengeneze aiskrimu, yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri wa chuo kikuu kutoka Dar es Salaam, wenzake wakicheka. Osborne akampa fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na habari kwamba ni kweli, maji ya moto yametangulia kuganda, ila angeendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Fundi wa chuo kikuu, jamani! Kwa bahati Osborne hakungoja hilo jibu sahihi. Mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha walichokiona, na wanasayansi wanakibishania mpaka leo.

Je, daftari la Mpemba lingepita katika shule zetu leo? Hatuna hakika, na ndiyo maana tunasema tena: tuonyesheni madaftari.

Mkuu wa shule, ufunguo wa maabara utoke mfukoni mwako! Mwalimu, mpe alama mwenye 9.4 aliyejieleza, mnyime mwenye 9.81 aliyepika! Mthibiti ubora, ukifika shuleni usiishie kwenye kitabu cha wageni na soda ya ofisini. Omba madaftari kumi ya fizikia, yapange mezani, uone kama namba zinafanana! Mzazi, ulichanga, una haki ya kuuliza! Na wewe wa kidato cha tatu unayetusikiliza, andika namba pale pale unapoisoma, na kipimo chake. Ukikosea, ikate kwa mstari mmoja ibaki inasomeka, andika nyingine pembeni. Kifutio kiache nyumbani.