Nani Anaisoma Taarifa ya Robo Mwaka?

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya maafisa mipango na ufuatiliaji wa halmashauri



Waandaaji walinipa kichwa kirefu kuhusu ufuatiliaji na tathmini ya utendaji wa Serikali katika nchi inayoendelea. Nimekipunguza. Sitaanza na maana ya kiashiria wala jedwali la malengo, shughuli na matokeo. Hayo mmeshayasikia, na vitabu vyake viko makabatini mwenu vikiwa bado na nailoni. Leo nataka tuzungumzie msomaji. Kila taarifa ya Serikali huandikwa ikimlenga mtu fulani, na mtu huyo huamua kitakachoandikwa kuliko mwongozo wowote uliowahi kutolewa na wizara.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Nilikuwa afisa mipango kijana katika halmashauri ambayo sitaitaja, kazi yangu ikiwa kukusanya taarifa za idara na kuzishona ziwe moja kabla ya tarehe ya kuzipeleka mkoani. Kwenye maji hesabu ilikuwa rahisi. Sera ya Maji ya 2002 ilisema kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, ndani ya mita 400 kutoka kwenye makazi. Basi tulichukua idadi ya vituo, tukazidisha kwa 250, tukagawanya kwa idadi ya watu wa wilaya, ikapatikana asilimia ya wanaopata maji safi. Kila mradi mpya ulipozinduliwa asilimia ilipanda. Haikuwahi kushuka, kwa kuwa kwenye hesabu ile hapakuwa na mahali pa bomba kufa.

Siku moja nilifuatana na fundi wa maji hadi kijiji kimoja kuhakiki. Kituo kilikuwepo, kimejengewa vizuri kwa saruji, jina la mradi limeandikwa kwa rangi ya buluu. Koki ilikuwa imekauka, na juu yake buibui ameshatandaza. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee wa makamo, alinitazama nikijaza fomu, akauliza: "Mwanangu, hapo unaandika bomba au unaandika maji?" Nikamjibu kwa heshima kwamba fomu inauliza idadi ya vituo. Nikaandika kituo kimoja. Sikudanganya, niliandika kilichoulizwa. Na aliyeuliza hakuwa mzee yule.

Baadaye kidogo, kati ya 2011 na 2013, Wizara ya Maji na wadau wake waliendesha zoezi la kuvitembelea vituo vya vijijini Tanzania Bara nzima, kimoja baada ya kingine, na kuviweka kwenye ramani. Vituo zaidi ya 65,000 vilihesabiwa, na karibu vinne katika kila kumi havikuwa vikitoa maji. Pengine mtaona kwamba siri ya kuujua ukweli huo ilikuwa teknolojia, kile kifaa cha kusoma majira ya nukta (GPS). Mimi naona sababu mbili nyingine. Kwanza, aliyepita kuhesabu hakuwa mwenye takwimu. Hakuna ambaye angemhoji kwa nini asilimia ya wilaya "yake" imeshuka. Pili, swali lilibadilika kutoka "kipo?" hadi "leo kinatoa maji?" Mzee wa kamati alikuwa ameliuliza mapema zaidi, bure, bila mshauri mwelekezi.

Taarifa zinazopanda

Njia ya taarifa zetu mnaijua. Mtendaji wa kijiji anampa mtendaji wa kata, kata inapeleka halmashauri, halmashauri mkoani, mkoa TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) na wizara ya kisekta. Kila ngazi ina mkubwa mmoja wa kuridhisha. Katika kila ngazi kuna mtu anayeitazama namba iliyoletwa na kuuliza, si kwa ubaya, kama kweli inafaa kwenda juu ikiwa hivyo. Kupika data hakuanzi na mtu kukaa usiku akibuni uongo. Huanza na kauli kama, "Hebu angalia tena hii, isije ikatuletea maswali."

Zahanati ni mfano mzuri wa upande mwingine wa jambo hili: namba zinapanda, jibu halishuki. Muuguzi aliye peke yake zamu nzima anahudumia wajawazito, anachanja watoto, kisha anajaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na mwisho wa mwezi anajumlisha na kupeleka wilayani ili takwimu ziingizwe kwenye mfumo wa kompyuta. Muulizeni lini mara ya mwisho namba alizopeleka zilimrudia zikiwa na jibu: chanjo hii imepungua kijiji fulani, nenda kaone kuna nini. Wengi watawaambia simu huja pale tu fomu inapochelewa. Mtu akiona kwamba ubora wa namba yake hauulizwi ila tarehe yake, atatunza tarehe.

Wizara ya Afya ilipozipa nyota za ubora zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya msingi katika mwaka 2015/16, takriban theluthi moja hazikupata hata nyota moja. Vituo hivyohivyo vilikuwa vikileta taarifa kila mwezi kwa miaka mingi.

Matokeo Makubwa Sasa na kipimo kinachovutika

Mwaka 2013 Serikali ya Rais Kikwete ilianzisha Matokeo Makubwa Sasa kwa kufuata mfano wa Malaysia. Maeneo ya mwanzo yalikuwa sita: nishati, kilimo, maji, elimu, uchukuzi na ukusanyaji wa mapato. Wataalamu walifungiwa kwenye "maabara" kwa wiki kadhaa wakachambua mambo hadi ngazi ya nani afanye nini lini, na chombo cha kufuatilia utekelezaji kikawekwa chini ya Rais. Ni desturi sasa kuubeza mpango ule kwa kuwa haukudumu. Mimi siubezi. Kwa mara ya kwanza nilisikia waziri akiulizwa hadharani kuhusu namba aliyoiahidi mwenyewe. Lakini elimu ilitufundisha kitu ambacho nadhani hatujakimaliza.

Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, na watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa wamepata daraja sifuri. Nchi ilishtuka, tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya. Mpango ukaweka lengo la ufaulu: asilimia 60 mwaka 2013, asilimia 70 mwaka 2014, asilimia 80 mwaka 2015. Mwishoni mwa 2013 viwango vya alama vikabadilishwa, C ikaanzia 40, na ufaulu wa mwaka huo ukakaribia asilimia 60. Kisha ukaja mfumo wa wastani wa alama badala ya madaraja, na baada ya hapo tukarudi kwenye madaraja. Huenda kila badiliko lilikuwa na sababu yake ya kitaaluma. Ninachosema ni kwamba aliyetaka kujua kama mtoto wa 2015 anajua zaidi kuliko wa 2012 hakuwa na rula ya kumpimia, maana rula yenyewe ilikuwa imevutwa njiani. Na waliokuwa na lengo la kufikia ndio waliokuwa wameshika rula.

Sehemu nyingine ya mpango ilikuwa kuzipanga shule za msingi hadharani kwa matokeo ya darasa la saba, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia kilichotokea. Shule za mkiani wilayani zilipandisha ufaulu kweli. Lakini shule hizohizo pia zilipunguza idadi ya watoto waliofanya mtihani. Walimu wakuu walikuwa na njia mbili za kupandisha asilimia, kumfundisha mtoto dhaifu au kumwacha asifike kwenye chumba cha mtihani, na jedwali halikutofautisha. Nawaombeni mlikumbuke hili kila mnapoandika kiashiria chenye alama ya asilimia: mwenye kupimwa ataangalia namba ya juu ya mgawanyo, kisha ataangalia ya chini.

Msomaji wa pili

Kuna nyakati ambazo taarifa imepata msomaji mwingine asiye mkubwa wa mwandishi, na hapo mambo yamekwenda tofauti.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipofuta ada za shule za msingi, uandikishaji ulipanda kutoka chini ya wanafunzi milioni 5 mwaka 2001 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Kwa kiashiria cha uandikishaji hayo ni mafanikio makubwa, na yalistahili sifa. Kisha kuanzia 2010 wakaja Uwezo, waendeshaji wa tathmini huru ya kujifunza, wakawatuma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba na hadithi fupi ya darasa la pili, wakamwambia mtoto: soma. Mmoja kati ya watano waliokuwa wanamaliza darasa la saba hakuweza. Hawakuhitaji fomula. Mzazi alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka, anamsikia mwanawe akikwama. Walilaumiwa, wakabishiwa mbinu zao, lakini haukupita muda KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ikawa wimbo wa wizara yenyewe, na mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa 2015.

Uganda walikutana na jambo kama hilo upande wa fedha. Uchunguzi uliofuatilia ruzuku za shule za msingi katika miaka ya 1990 ulikuta kwamba katika kila shilingi 100 zilizotolewa na Serikali kuu, wastani wa shilingi 13 tu ndizo zilizofika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika zilichopokea. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ilikuwa inafika. Wapo wanaobisha kwamba sifa isipewe gazeti peke yake, kwa kuwa mageuzi mengine yalikwenda sambamba, nami nakubaliana nao. Hata hivyo mwalimu mkuu aliyejua kilichotumwa alikuwa na swali la kuuliza wilayani, na awali hakuwa nalo.

Ndiyo maana mwaka 2018 Sheria ya Takwimu iliporekebishwa ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazopinga zile rasmi, wengi wetu kwenye fani hii tulihisi mlango unafungwa. Mwaka uliofuata kifungu kile kilirekebishwa. Nilifurahi, na sifichi.

Neno moja kuhusu Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), maana najua mtaniuliza. Taarifa zake ndizo pekee za Serikali ninazosikia zikijadiliwa kwenye daladala. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka azifikishe kwa Rais, na Rais azipeleke bungeni. Siku zinapokabidhiwa, watu wanakaa mbele ya televisheni. Hilo ni jambo kubwa. Lakini halmashauri zimejifunza kushangilia hati safi kana kwamba ni cheti cha utendaji. Hati safi inasema vitabu vya hesabu vimeandikwa sawasawa. Halmashauri inaweza kuipata huku koki zake zimekauka, mradi risiti za koki zipo. Kinachogusa utendaji ni ukaguzi wa ufanisi, ambao CAG pia huufanya, na ambao sijaona halmashauri ikiuchinjia mbuzi. Tena taarifa hutoka miezi tisa baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Hoja ikishafungwa, aliyesababisha ameshahamishwa.

Kuhusu watumishi binafsi nitapita haraka. OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa mtumishi, ilikuja 2004, na sote tunajua ilivyoishia: fomu iliyojazwa malengo na matokeo siku moja, wiki ambayo mtu anataka kupanda daraja. Sasa tuna mrithi wake, PEPMIS, ya kielektroniki. Ina faida ya kuonyesha tarehe. Bado bosi na mtumishi ndio wasomaji pekee, kwa hiyo sitegemei miujiza.

Msomaji aliye karibu zaidi

Tuna chombo ambacho hatukihesabu kama ufuatiliaji kwa sababu hakina programu ya kompyuta. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa. Robo mwaka yetu na robo mwaka yao ni moja. Lakini tunachopeleka mkoani na kinachosomwa chini ya mwembe havifanani: sisi tunapeleka asilimia za wilaya, wao wanasomewa michango na salio la benki. Hakuna anayewasomea kile ambacho wilaya imeandika kuhusu kijiji chao.

Hata Mwenge wa Uhuru, pamoja na gharama na shamrashamra zake, una kitu tunachoweza kujifunza. Kiongozi wa mbio anapokataa kuzindua jengo kwa sababu nyaraka hazipo au saruji inamomonyoka, anafanya hivyo mbele ya watu wanaolijua jengo lile, na habari hiyo haiwezi kuhaririwa mkoani. Upungufu wake ni kwamba ratiba yake inajulikana. Nimewahi kuona bomba likitoa maji wiki ya Mwenge tu.

Dira ya Taifa ya Maendeleo ya 2050 ilizinduliwa Julai 2025, na viashiria vyake vitashuka mezani kwenu kwa miaka mingi ijayo. Pendekezo langu halihitaji bajeti mpya. Kwa kila mstari wa taarifa ya robo unaotaja kijiji, nakala ya mstari huo ibandikwe kwenye ubao wa kijiji hicho na isomwe mkutanoni kabla haijakwenda juu, na mtendaji aandike pembeni kilichosemwa, hata kama ni "si kweli." Safu hiyo ya maoni ipande pamoja na namba hadi wizarani. Najua pingamizi: wananchi watalalamika tu, mikutano haifikii akidi, diwani ataona anachongewa. Akidi kweli ni tatizo. Labda watu hawaendi kwenye mikutano kwa sababu hakuna kinachosomwa pale kinachowahusu.

Kwa kazi ya vikundi mchana huu, nimeleta nakala za taarifa moja ya robo ambayo majina ya vijiji nimeyafuta. Ukurasa wa tatu una jedwali la maji, wa tano una la elimu. Kila kundi lichague mistari mitano na kwa kila mmoja liandike nani kijijini angeweza kuubishia, na angeubishia kwa kuonyesha nini. Msipompata mtu wa kuubishia, andikeni hivyo pia, maana mistari hiyo ndiyo nitakayotaka tuanze nayo tukirudi.