Mpeleka Khabari ni Mwenye Amana



Mji wa mpakani huishi kwa khabari. Bwera ina Mto Lhubiriha upande mmoja, na ng'ambo yake ni Kongo. Upande wa pili imesimama milima ya Rwenzori. Jambo likitokea usiku, la kwanza watu wanalolitaka ni kujua: Kuna nini? Ni wapi? Nani kasema? Leo karibu kila nyumba ina simu ya mkononi, na kwa hiyo hudhaniwa kwamba khabari haiwezi kupotea. Lakini simu hiyo yategemea mnara, na mnara wategemea umeme. Na watu wengi wakipiga kwa wakati mmoja, njia huziba. Mei 2013, na tena Mei 2020, Mto Nyamwamba ulifurika Kilembe na Kasese, ukavunja madaraja na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Maji yenye nguvu ya kung'oa daraja hayashindwi na nguzo ya umeme.

Ziko nchi ambazo raia wa kawaida walijiweka tayari mapema kwa saa kama hiyo. Huko Marekani, mwaka 1925, jeshi la nchi kavu lilipatana na wapenzi wa simu ya upepo, yaani watu wenye redio zao nyumbani za kutuma na kupokea, wasiozitumia kwa biashara. Walikubali kulisaidia jeshi kupeleka khabari pindi njia za kawaida zikikatika. Mpango huo ulisimama Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, ukaundwa upya mwaka 1948 kwa jina linalofupishwa MARS. Watu hao hawakulipwa mshahara. Mtambo ulikuwa wao, na saa za mazoezi zilitoka katika mapumziko yao.

Wakati wa vita vya Vietnam, askari aliyetaka kusema na mkewe alisema kwa redio hadi kwa mmoja wa watu hao, naye akaiunga sauti yake na simu ya kawaida mpaka nyumbani. Mwenye mtambo alilazimika kusikiliza kila neno, maana ndiye aliyegeuza swichi mmoja alipomaliza na mwenziwe kuanza. Basi akasikia machozi ya watu na siri za nyumba zao, na kazi yake ikawa kuyapitisha na kunyamaza.

Uingereza nayo ina mfano wake. Vita vilipoanza mwaka 1939, Serikali ilifuta leseni za wapenzi wa redio na kuichukua mitambo yao ya kutumia. Hata hivyo kiasi cha watu 1,500 walijitolea kukaa usiku majumbani mwao na redio za kupokea tu, wakiandika herufi za siri za idara ya ujasusi ya Ujerumani. Hawakuelezwa maana ya walichokiandika, na wengi walikaa kimya miaka mingi baada ya vita kwisha. Kisha mwaka 1953 bahari ilipofurika pwani ya mashariki ya Uingereza na kuua watu zaidi ya 300, wapenzi wa redio walianzisha chama cha kusaidia wakati wa maafa, kiitwacho RAYNET.

Pengine mtu atauliza: redio itafaa nini mahali penye milima kama Rwenzori, ambayo kilele chake chafika mita 5,109? Ni kweli kwamba redio ndogo za mkononi huzibwa na mlima. Lakini mawimbi mafupi yana njia nyingine. Waya wa antena ukitandazwa chini chini, sauti hupanda moja kwa moja juu, ikagonga tabaka la anga lenye umeme, ikarudi chini kama mvua, pande zote za mlima, kwa mamia ya kilomita. Betri ya gari yatosha kuendesha mtambo huo. Hauhitaji mnara wala njia ya lami.

Lakini mtambo ni chombo tu. Kazi yenyewe ni amana. Katika kanuni za wapenzi wa redio wa Marekani, kila barua hutiwa namba, daraja ya haraka yake, na hesabu ya maneno yake. Anayepokea huhesabu, yakipungua au yakizidi, huuliza mara moja. Hapokei kwa kukisia.

Waislamu wanaujua mwenendo huu tangu vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijra. Mtume (S.A.W.) aliuliza ni nani atakayemletea khabari za maadui, na Zubayr bin Awwam akaitika mara tatu kwamba ni yeye. Na katika usiku wa baridi na upepo alimtuma Hudhayfa bin Yaman aingie kambi ya maadui, akamkataza asiwachokoze. Hudhayfa alimwona Abu Sufyan akiota moto, akatia mshale katika upinde. Kisha akaikumbuka amri, akauondoa. Alitumwa khabari, akarudi na khabari. Zubayr ni mfano wa kujitolea, na Hudhayfa ni mfano wa kutii.

Bwera yaijua bei ya khabari. Juni 2019 maradhi ya Ebola yalivuka mpaka kutoka Kongo, na wagonjwa wakawekwa katika hospitali ya Bwera. Usiku wa Juni 16, 2023, wauaji waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Katika siku kama hizo uvumi hutembea pamoja na khabari, wala mzazi aliye gizani hawezi kuvitenganisha. Mmoja hukimbilia hatarini, mwingine humficha mgonjwa, mwingine humtuhumu jirani asiye na kosa.

Kwa hiyo, kijana wa Bwera mwenye kupenda mitambo na ajifunze kazi hii kabla ya siku ya msiba. Apate leseni ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, maana redio ya siri mpakani humtia mwenyewe na jamaa zake katika shaka. Ajulikane kwa wakuu wa wilaya, na jeshi likimhitaji afuate amri. Na asiye na redio anao ulimi na simu ya mkononi: asipeleke asilolihakikisha, asizidishe, asipunguze.

Mwenyezi Mungu aulinde mji huu na watoto wake. Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum.