Mzazi Anapokuwa Kocha wa Mwanawe

Katika uwanja wa Makadara, kisiwani Mombasa, jirani na Mji wa Kale, watoto husakata soka baada ya alasiri hadi adhana ya magharibi, na mzazi anayewanoa, ikiwa mwanawe yumo kikosini, hujikuta na majukumu mawili yanayovutana. Upendeleo, yaani kumpa mwanawe nafasi asiyostahili, ndio unaolalamikiwa sana. Lakini kinyume chake, pale baba anapomkaripia mwanawe kwa pasi iliyopotea huku akimnyamazia mwenzake aliyekosea vivyo hivyo, huumiza zaidi, wala hakuna anayelalamika.

Hata kwenye kilele cha michezo, majukumu hayo mawili si rahisi kuyaunganisha: Jakob Ingebrigtsen wa Norwei, aliyemshinda Mkenya Timothy Cheruiyot na kutwaa dhahabu katika mita 1500 za Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, alifundishwa na babake, nao wakaachana kikazi mwaka uliofuata, licha ya dhahabu hiyo.

Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unatambua mapumziko na mchezo kuwa haki ya mtoto. Ili mchezo ubaki haki hiyo, mzazi kocha anaombwa amwachie msaidizi uamuzi wa kumpanga au kumtoa mwanawe, na filimbi ya mwisho ikishalia, njiani kurudi nyumbani, mechi isizungumzwe mpaka mtoto mwenyewe aianze.