NAULI IWE YA WATU WAWILI
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa wanachama wa ushirika)



Mnajua kwamba mama mmoja, mwanachama mwenzetu, amekatwa sehemu ya mguu hospitalini. Yeye na mumewe wameturuhusu tuseme, ili wengine wajifunze. Majina hatuandiki.

Lilianza doa jeusi kwenye unyayo. Likadhaniwa mwiba. Likawa kidonda kisichopona. Hapo maneno yakaanza: mara kakanyaga alichotegewa, mara bibi fulani ndiye kamtega. Ndugu, maneno hayo yakome. Hakuna aliyetega kitu. Hospitali walikata kinyama kidogo, wakakipima, wakakuta ni saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Ni ugonjwa wa nadra. Sisi watu weusi ukitupata, mara nyingi hutokea kwenye unyayo, kiganjani au chini ya ukucha. Hauambukizi, wala hauletwi na uchafu.

Vijana mnamsikia Bob Marley wa Jamaika redioni. Mwaka 1977 aligunduliwa ugonjwa huuhuu kwenye kidole cha mguu. Alishauriwa kidole kikatwe, hakukubali. Ukaenea mwilini, akafariki tarehe 11 Mei 1981, umri wake miaka 36. Kwa hiyo unampata yeyote, hata mwenye sifa duniani.

Sasa tuseme juu ya mume, maana wanaume wengi tunayo ya kujifunza kwake.

1. Alikwenda naye. Hakumwachia shemeji zake. Mgonjwa akitajiwa saratani, masikio huziba. Lazima awepo wa pili anayesikia. Alichukua daftari, akauliza na kuandika: Mtakata mpaka wapi? Tezi za mtoki zimepimwa? Turudi lini? Hiyo ndiyo faida ya kisomo.

2. Hakumwamulia. Ukoo ulikaa, wakasema kisu huamsha saratani. Si kweli. Ugonjwa huu ukiachwa ndipo huenea; ukiwahiwa, kukatwa ndiyo tiba yenyewe. Mume akasema mguu ni wa mwenyewe, aulizwe yeye. Mama akajibu: "Wakate. Nataka kulea wanangu."

3. Alisubiri pamoja naye. Majibu ya kinyama yalichukua majuma matatu, na usingizi haukupatikana. Mume aliteka maji, akapika, akachekwa kisimani. Hakujali.

4. Hakuona kinyaa. Baada ya operesheni alijifunza kwa muuguzi kufunga kidonda. Mama akilia juu ya mguu wake, hakumwambia nyamaza. Alikaa naye mpaka machozi yaishe.

Lakini ndugu, mtu mmoja huchoka. Tumemwona anapalilia saa kumi na moja alfajiri ili awahi basi la kumpeleka mkewe kliniki. Amekonda kuliko mgonjwa. Ushirika wetu si wa kuuza mazao tu. Tunaleta mapendekezo haya, mkutano uyapitishe:

(a) Shamba lao lipaliliwe kwa zamu, kila balozi na watu wake siku moja.

(b) Mafundi seremala wamtengenezee mama magongo yanayomfaa kimo chake.

(c) Mfuko wa ushirika utoe nauli ya kliniki ya watu wawili, si ya mmoja. Tumesikia wengine wanasema mgonjwa ni mmoja, wa pili anakwenda kutembea. Yule wa pili ndiye masikio, ndiye mikono, ndiye anayebeba daftari. Tukimnyima nauli, tumemnyima mgonjwa.

Anayepinga aseme leo hapa mkutanoni, asiseme njiani.

Na usiku wa leo kila mtu na mwenzake wawashe taa, watazamane nyayo. Doa jeusi linalokua, mstari mweusi unaopanuka kwenye ukucha, au kidonda kisichopona: zahanati kesho, msingoje mavuno.



Katibu wa Tawi