Kurudi Katika Mstari wa Ngoma

Maneno ya jirani wa hekalu, yaliyosemwa ukumbini jioni ya kufunga sherehe za maadhimisho, Muheza

  

Nimetakiwa niseme machache juu ya ngoma tuliyoipiga katika maandamano ya maadhimisho haya. Mimi si muumini wa hekalu hili, ni jirani yake. Kengele ya arati nimeisikia jioni tangu nikiwa mtoto, na mama yangu aliifanya saa ya kuinjikia chungu. Basi msinishangae nikisema kwamba nilipoitwa nije kubeba ngoma kubwa ya gwaride, nikiwa na umri wa miaka 56, nilijiona kama mtu aliyeitwa nyumbani kwao.

Wengi walinicheka, na walikuwa na haki. Wahenga wamesema: ujana ni moshi, ukienda haurudi. Niliingia bendi ya shule nikiwa na miaka 12, nikatoka nikiwa na miaka 19, baba alipofariki ikanibidi niende kutafuta riziki ya wadogo zangu katika mashamba ya mkonge. Sikuaga. Niliiweka ngoma juu ya kabati la shule siku ya Ijumaa, na Jumatatu sikuwapo. Kwa miaka 37 sikushika mkwiro tena. Nilipokuwa nikisikia bendi barabarani, nilipita njia nyingine.

Kabla sijaeleza nilivyorudi, niruhusuni nikumbushe ngoma hii ya gwaride imetoka wapi, kwa maana vijana wengi wanadhani ni kitu cha shule tu.

Haikuja pwani yetu kwa furaha. Ilikuja pamoja na majeshi. Katika miaka ya 1890, Wajerumani walipokuwa wakijenga reli kutoka Tanga, reli iliyofika hapa Muheza mwaka 1896, askari walikuwa wakitembezwa kwa ngoma na tarumbeta. Shule ya serikali pale Tanga nayo ikawa na bendi ya wanafunzi waliofundishwa tarumbeta. Upande wa kaskazini, Mombasa na Lamu, watu wa mitaa walizitazama bendi za Waingereza na za misheni, wakasema: hili nasi twaliweza. Wakalichukua neno bendi wakalifanya beni, na ndiyo ngoma iliyoenea pwani nzima. Mombasa vilikuwapo vyama vya beni vyenye majina kama Kingi na Scotchi, jina lenyewe likitokana na Waskoti. Huku Tanganyika wakashindana Marini na Arinoti. Marini walijihesabu kuwa wastaarabu, watu wa kalamu na wenyeji wa mji. Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi za mikono na wageni waliokuja kutafuta ajira.

Walikuwa na majenerali wao, wafalme wao, na wanawake wenye vyeo vyao. Mtu aliyekuwa kuli mchana, jioni alivaa kanzu safi au koti lenye vifungo vya shaba, akaitwa Kapteni. Lakini msidhani ulikuwa mchezo mtupu. Mwanachama alipougua, chama kilimchangia. Alipokufa, chama kilimzika. Mgeni aliyeshuka mjini bila ndugu alipata ndugu katika beni. Ndiyo sababu wakubwa wa serikali waliitazama kwa wasiwasi: waliona watu wanaojipanga mstari bila kuamriwa nao.

Tena kuna jambo moja ambalo sisi, Wahindi na Waafrika wa mkoa huu, yatupasa tulikumbuke pamoja. Mwezi Novemba 1914, Waingereza waliwaleta kwa meli kutoka Bombay askari wengi Wahindi, wakashushwa Tanga. Walikutana na askari Waafrika waliokuwa chini ya Wajerumani. Walipigana siku chache, na wengi wakabaki katika udongo wa Tanga. Hakuna kati yao aliyekuwa na ugomvi na mwenzake. Kila upande ulifundishwa kutembea kwa ngoma ya mtu mwingine. Vita vile vilipoendelea, wapagazi na askari waliichukua beni mpaka ndani ya bara, hata Nyasaland, na huko ikazaa ngoma nyingine kama mganda, ambayo badala ya tarumbeta za shaba wachezaji wake hupuliza vibuyu. Chombo cha vita kiligeuzwa kikawa chombo cha jirani. Hiyo ndiyo heshima kubwa ya ngoma hii.

Wala si sisi peke yetu tuliofanya hivyo. London kuna bendi ya waumini wa Kihindu, Shree Muktajeevan Swamibapa Pipe Band, iliyoanzishwa mwaka 1972. Wanapiga zumari za mifuko za Kiskoti pamoja na ngoma, wamevaa sare za Kiskoti, na wanazitumia kumsifu Mungu wao katika sikukuu. Wenzao wako hata Nairobi. Wengi wa jamii hiyo asili yao ni Kachchh katika Gujarat, na familia nyingi zilipitia Afrika Mashariki. Basi Scotchi wa Mombasa wa zamani wangewaona, nadhani wangecheka na kuwapa mikono.

Sasa nirudi kwangu.

Halmashauri ilipoazimia kufanya maandamano kuzunguka mji, vijana wa hekalu walikuwa na dhol mbili, na walizipiga vizuri kupita kiasi. Lakini dhol ni ngoma ya kuchezea. Kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake, na mstari ukawa kama mbuzi wanaotoka sokoni. Ndipo zilipoazimwa ngoma za gwaride, ngoma ndogo sita za pembeni, matoazi, na ngoma kubwa moja. Mzee mmoja akakumbuka kwamba fulani, jirani, alikuwa mpigaji zamani. Akaja kwangu akaketi barazani, akanywa chai, akazungumza habari za machungwa na mvua kwa muda wa saa nzima. Alipoinuka kwenda ndipo aliposema: “Ndugu yangu, mgongo wako bado unaweza?” Nikajibu kwamba unaweza. Nilisema uongo.

Jioni ya kwanza ya mazoezi nilijua. Mikono ilikumbuka, nami nilishangaa jinsi ilivyokumbuka. Vidole vilijua mahali pake kabla sijafikiri. Lakini miguu ilikuwa imesahau, na pumzi haikuwapo. Majeshi mengi hutembea hatua zipatazo 120 kwa dakika moja. Kijana huzitembea bila kuzihesabu. Mtu wa umri wangu, mwenye ngoma tumboni inayomzuia asione alipokanyaga, huhesabu kila moja. Tulipofika karibu na reli nilijikwaa, nikakosa pigo, na kwa sababu ngoma kubwa ndiyo inayoambia mguu wa kushoto uanguke lini, bendi nzima ilikosea pamoja nami. Watoto waligongana. Mmoja wao, kijana wa miaka 14 apigaye ngoma ya pembeni, akasema kwa sauti ambayo hakudhani nitaisikia: “Mzee anatuchelewesha.”

Usiku ule niliazimia kuacha. Nilimwambia mke wangu kwamba nitapeleka ujumbe kuwa naumwa. Akaniuliza swali moja tu: “Safari hii utaaga, au utaiweka juu ya kabati?”

Nikarudi kesho yake. Nilimwita yule kijana, naye akaja kichwa chini akidhani atakaripiwa. Nikamwambia: “Ni kweli nawachelewesha. Lakini na wewe unatukimbiza. Ukifika penye mapigo ya haraka unafurahi, na ukifurahi unakimbia.” Akakubali kwamba ni kweli. Tukafanya mapatano. Yeye angetembea kando yangu, na kila nikichoka angenitazama miguu. Nami kila akikimbia ningempigia kwa uzito zaidi kumrudisha. Tulifanya mazoezi majuma sita. Alinifundisha kupumua kwa hatua nne nne, jambo alilojifunza katika mbio za shule. Nami nilimfundisha kushika mkwiro wa kushoto kiganja kikitazama juu, kama walivyoshika wa zamani ambao ngoma yao ilining'inia upande kwa mkanda, ili mkono usichoke upesi.

Nilijifunza pia kitu ambacho nikiwa na miaka 19 sikukijua. Wakati ule nilitaka nisikiwe. Nilipiga ili wasichana wa mtaa wageuke. Sasa nimefahamu kwamba ngoma kubwa haipigwi ili isikiwe, bali hupigwa ili watu wapate pa kukanyaga. Ikipigwa sawasawa hakuna anayeisifu, watu husifu tarumbeta. Kazi hiyo haimfai kijana, naye haitaki. Ni kazi ya mtu aliyekwisha kuchoka kutazamwa.

Katika Marekani kuna vikosi vikubwa vya ngoma na tarumbeta vya vijana, ambavyo mtu akivuka mwanzo wa miaka ya ishirini hana budi kutoka. Lakini huko huko vimekuwapo na vikosi vya watu wa umri wote, ambamo baba na mwanawe waweza kusimama katika mstari mmoja. Sikuyajua hayo nilipokubali. Nimefurahi kuyajua baadaye, kwa kuwa yamenionyesha kwamba tamaa hii ya kurudi si wazimu wangu peke yangu.

Naomba sasa niseme habari ya msikitini, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Njia yetu ilipita mbele ya msikiti. Katika halmashauri palikuwa na mashaka. Wengine walitaka tubadili njia. Wengine walisema barabara ni ya wote. Mimi sikusema neno, lakini wazee wawili, mmoja wa hekalu na mmoja wa msikiti, walikaa pamoja wakakubaliana kwa adabu ya pwani, ambayo ni ya zamani kuliko sisi sote: tutapita, lakini ngoma zitanyamaza mpaka tuuvuke.

Jambo hilo ni jepesi kulisema. Kwa bendi ni gumu. Watu arobaini wanaotembea kwa ngoma, ukiwanyang'anya ngoma ghafula, kila mmoja hurudi katika mwendo wa nyumbani kwao. Niliogopa kwamba tutafika upande wa pili tumetawanyika, mbele ya mji mzima.

Tulipokaribia nikainua mikwiro yote miwili juu, na ngoma zikanyamaza. Nikasikia miguu. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Viatu vya shule, kandambili, na viatu vyangu vya kazi. Hakuna aliyehesabu kwa sauti. Niliangalia upande wangu, nikamwona yule kijana ananitazama miguu, kama tulivyopatana. Na waliokuwa nyuma walikuwa wakimtazama yeye. Katika baraza ya msikiti wazee walisimama. Mmoja wao alikuwa ametayarisha ndoo ya maji na vikombe kwa ajili ya watoto. Tukauvuka tukiwa mstari mmoja, nikashusha mikwiro, na pigo la kwanza likaangukia mguu wa kushoto wa kila mtu.

Mabibi na mabwana, nimeipiga ngoma miaka saba ya ujana wangu na majuma sita ya uzee wangu, na pigo lile moja ndilo nililolipenda kuliko yote. Lilinionyesha kwamba mapigo yote yaliyotangulia yalifanya kazi yake. Ngoma ilikuwa imekwisha kuingia miguuni.

Nina ombi moja kwa Halmashauri. Sherehe zikiisha, ngoma hizi zitarudishwa kwa wenyewe, na najua zimekwisha kuchangiwa nyingine. Nawasihi zisifungiwe stoo zikingoja maadhimisho yajayo. Ngoma isiyopigwa hulegea. Hata hizi za ngozi za plastiki, ambazo hazihitaji kuanikwa juani kama zetu za zamani, hukosa mikono ya kuzipiga, na hilo halina tiba ya jua. Tufanye mazoezi kila Jumamosi jioni, kiwanjani, na mlango uwe wazi kwa watoto wa majirani wa dini zote. Mimi nitabeba ngoma kubwa mpaka magoti yatakapokataa. Yatakapokataa nitasema mbele yenu nyote, nami nitamvika mkanda yule kijana kwa mikono yangu mwenyewe, iwapo kufikia hapo atakuwa ameacha kukimbia.

Sitaiweka juu ya kabati tena.

Wahenga walisema kweli, ujana ni moshi. Lakini mimi sikurudi kutafuta ujana. Nilirudi kulipa deni la kuaga, nikakuta mahali pangu katika mstari bado pananingoja. Nawashukuru kwa kunishikia.

Mungu alibariki hekalu hili, na azibariki nyumba zote zinazosikia kengele yake.